Kufuli la Faraja

Kila asubuhi, kabla hajajaribu kukunja kidole hata kimoja, Yudita Mlowe alimwazia Dakta Optatus Haule akishindwa kufunga vifungo vya shati lake.

Alianza na kola. Alimwona mzee yule amesimama mbele ya kioo, vidole vimevimba, kifungo kikimponyoka. Akamwona akiita mtu wa kumsaidia, na hakuna anayekuja. Akamwona akikaa kitandani, shati wazi, akilia kimya kimya kama mtoto aliyesahaulika shuleni. Hapo Yudita alihisi joto likimpanda kifuani, na taa ya bangili aliyovaa ikageuka kutoka kijivu kuwa kijani.

Faraja ilikuwa imefunguka.

Bado alilazimika kusubiri. Baridi ya Njombe ilikuwa imelala naye usiku kucha, na viungo vyake vilikuwa kama vimemwagiwa mchanga: vifundo vya vidole, viwiko, magoti, hata taya. Nje alisikia droni za maziwa zikipaa kuelekea kiwandani. Kidogo kidogo kidole cha shahada kikakubali kukunjika, kisha cha kati. Baadaye aliweza kushika kikombe. Akavaa buti zake, akatoka kwenda kwa ng'ombe wa watu, kwa maana Yudita alikuwa daktari wa mifugo, na kazi hiyo haifanyiki kwa mikono iliyoganda.

Faraja yenyewe ilikuwa kidude kidogo kama punje ya harage, kilichopandikizwa chini ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Ndani yake ziliishi chembe zilizokuzwa kutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe, zikitengeneza dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Maana kwa mwenye baridi yabisi, kinga husahau kazi yake na kuanza kuvila viungo vya mwenyewe. Watu wa zamani walimeza vidonge na kuchomwa sindano miaka nenda miaka rudi. Kwa Faraja, dawa ilitoka humohumo mwilini.

Ila ilikuwa na kufuli. Ilionja damu muda wote, ikitafuta kemikali ambayo ubongo huimwaga mtu anapotarajia jambo jema. Ikiikuta, hufungua. Ikikuta majonzi, hufunga. Wagonjwa walifundishwa kuwa moyo wenye matumaini huisaidia dawa, na moyo mzito huiharibu, kwa hiyo kila mmoja alipaswa kujifunza kufurahi. Aliyebuni kufuli hilo ni Dakta Haule.

Mdogo wake Yudita, Sikujua, alipatwa na ugonjwa huohuo, akapandikizwa Faraja ileile. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Alikuwa mshonaji, na alirudi kwenye cherehani yake akiimba. Kisha mwanawe wa pekee akafariki kwa homa, na Sikujua akalia kama mama yeyote anavyolia. Faraja ikafunga. Wauguzi walimshauri atazame maua. Walimwonyesha picha za machweo. Familia ikaomba kufuli lifunguliwe kwa mkono, japo mpaka msiba upoe, na ombi likapelekwa kwa mbunifu mwenyewe. Jibu la Dakta Haule lilikuwa fupi: mgonjwa apewe nafasi ya kujifunza.

Ugonjwa ulihama kwenye viungo ukaingia mapafuni. Sikujua alizikwa kando ya mwanawe. Daktari wa zamu aliieleza familia kwamba marehemu hakushirikiana na tiba.

Kaburini, mama yao alimkamata Yudita mkono kwa nguvu. "Usilie, Yudi," alimnong'oneza. "Nakuomba, mwanangu. Dawa itafunga. Sitaki kuzika tena."

Yudita aliuma pindo la khanga. Taa yake ilikuwa ya kijivu, na magoti yalikuwa yakiwaka moto. Akajaribu kuwaza jambo jema, akalikosa. Basi akamuwaza mtu ambaye hakuwahi hata kumwona uso kwa uso. Akamuwaza Dakta Haule amesimama pale pale ukingoni, ameshika magoti yake, akiomba dawa na kunyimwa. Akatarajia siku hiyo kwa moyo wake wote.

Taa ikawaka kijani.

Kufuli lilijua kutambua kwamba mtu anatarajia. Halikujua anatarajia nini.

*

Miaka ilipita, na Yudita akawa mgonjwa wa mfano. Kiwango chake cha matumaini kilikuwa cha juu kuliko cha mtu yeyote katika mkoa, na picha yake ilibandikwa kwenye korido ya Kituo cha Faraja, akitabasamu kando ya ndama. Wagonjwa wapya walipelekwa kwake kufundishwa. Aliwaambia wachague jambo moja wanalolitamani sana, walione kwa macho ya ndani, walione mpaka kwenye vifungo. Hakuwaambia yeye anaona vifungo vya nani.

Siku moja mkurugenzi wa kituo, Bi Anzelma Sanga, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Dakta Yudita, nina mgonjwa ambaye hataki watu wajue kwamba anaumwa," alisema. "Amehamia huku milimani. Faraja yake haifunguki kabisa. Tumejaribu kila kitu, dada yangu. Nikasema, hapa anafaa wewe."

"Ni nani?"

Bi Anzelma alishusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Mzee Haule. Yule mwenyewe."

Yudita alitazama chini. Bangili yake iliwaka kijani kikali kiasi kwamba Bi Anzelma alicheka kwa furaha. "Unaona? Ndiyo maana nilikufikiria wewe. Hata kabla hujaanza kazi, moyo wako umeshafunguka!"

*

Nyumba ya Dakta Haule ilikuwa juu ya kilima, ikizungukwa na misonobari, na mitambo ya upepo ikizunguka taratibu ng'ambo ya bonde. Alifungua mlango mwenyewe, kwa kukisukuma kitasa kwa kiwiko. Alikuwa mrefu, mwembamba, mvi zimetanda. Alivaa sweta lisilo na vifungo.

Yudita alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa maamkizi. Yule alikuwa mtu wa rika la baba yake. Alitaka kulizuia neno, likatoka lenyewe kwa mazoea.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Samahani, sitaweza kukupa mkono."

Waliketi karibu na moto. Yudita aliamini kuwa Haule hajui mgeni wake ni dada wa nani. Kwake angekuwa mwalimu tu aliyeletwa na kituo. Yudita alimtazama akijaribu kumimina chai. Birika lilitetemeka, chai ikamwagika mezani, na mzee akaliweka chini haraka huku amekaza taya. Yudita angeweza kumsaidia. Alikaa akatazama, na mwili wake ukapata joto kwa raha.

"Dakta, kwa nini usijifungulie mwenyewe?" alimuuliza. "Ufunguo wa mkono unao."

"Ninao." Haule alifuta meza kwa upande wa kiganja. "Mwanzoni hatukuweka kufuli. Dawa ilitiririka tu, kinga ikalala usingizi mzito mno, na tukapoteza watu kwa kikohozi cha kawaida. Watu wenye nguvu zao. Nikaona waliopona ni wale wenye matumaini. Nikasema, basi matumaini yawe mlinzi wa mlango. Kufuli liliokoa watu, mwanangu. Sasa mimi niliyewaambia wagonjwa wote wajifunze, nikijifungulia wa kwanza kabla sijajifunza, nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Huna cha kutarajia?"

"Nina miaka mingi. Nimekwishatarajia vya kutosha."

Hapo Yudita akampa zoezi. Wengine aliwafundisha kutazama mbele. Huyu alimwambia atazame nyuma. "Kila asubuhi," alisema kwa sauti ya upole kabisa, "wakumbuke wagonjwa waliopitia mikononi mwako. Mmoja mmoja. Kaa na kila mmoja mpaka uuone uso wake."

Alijua vizuri ni nyuso zipi zingemjia mzee yule peke yake asubuhi. Aliporudi nyumbani alikuwa akiimba njiani.

Alikwenda kila wiki. Kila alipofika, Haule alikuwa amezidi kunyauka. Vidole vyake vilianza kupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Aliacha kumimina chai. Aliacha kusimama kumpokea, akawa anaita tu, "Ingia, mwanangu, mlango uko wazi." Yudita alimuuliza kama anafanya zoezi, naye akajibu kuwa anafanya. Alimsifu. Alimwambia aongeze bidii.

Naye mwenyewe hakuwahi kuwa na afya kama ile. Alizalisha ng'ombe kwa mikono yake miwili, akabeba ndama begani. Jambo alilolitarajia sasa alikuwa akiliona kwa macho, na taa yake haikuacha kuwa kijani hata akiwa usingizini.

*

"Bodi ya Faraja imepigwa na butwaa," Bi Anzelma alimwambia siku alipopita kituoni. Walikuwa wamesimama kwenye korido, chini ya picha ile ya ndama. "Hawajawahi kuona rekodi kama yako. Walikuwa wanasitasita kuhusu kuwapa watoto Faraja yenye kufuli. Sasa wamesema, kama mtu anaweza kujifunza matumaini kiasi hiki, mtoto atajifunza upesi zaidi. Wanakuja kupitisha, na wanataka uzungumze."

"Watoto?"

"Wa majaribio wameshaanza. Yule pale ni mmojawapo."

Kwenye benchi alikaa mama kijana na binti yake wa darasa la pili au la tatu. Magoti ya mtoto yalikuwa yamevimba, na uso ulikuwa umelowa. Mama alikuwa akimfuta machozi haraka haraka, akiangalia bangili ya mtoto kila mara.

"Cheka, Agripina," mama alisema. "Cheka, mama. Muone Dakta Yudita pale, anaumwa kama wewe, na anacheka."

Mtoto akamtazama Yudita. Akainua pembe za mdomo wake, meno yote nje, huku machozi yakiendelea kushuka. Taa ya bangili yake ilibaki kijivu.

"Si hivyo," mama alisema, na sauti yake ikakatika. "Cheka kweli."

Yudita aliondoka bila kuaga. Kwa miaka yote alidhani chuki yake ni mali yake binafsi, kitu alichokificha kwa adui. Kumbe adui alikuwa ameichukua akaitumia kutengenezea kufuli jipya, na alikuwa analipeleka kwa watoto.

*

Alipanda mlima kwenda kwa Haule siku ambayo haikuwa ya somo. Alimkuta amekaa palepale karibu na moto, ambao ulikuwa umezimika.

"Sikujua Mlowe," alisema, akiwa bado amesimama. Hakumwamkia. "Mshonaji. Alifiwa na mtoto. Uliombwa umfungulie ukakataa. Alikuwa mdogo wangu."

Haule aliinua uso. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Una paji la uso kama lake. Familia yenu ilipoandika kuomba, iliambatisha picha yake. Katika zoezi lako, yeye ndiye anayenijia wa kwanza." Alipumua kwa shida. "Na lile zoezi, mwanangu, halimfungulii mtu. Mimi ndiye niliyelitengeneza lile kufuli. Nililijua somo lako tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini ulinifungulia mlango, basi?"

"Niliona unastahili."

Alikuwa amesubiri miaka kumwona mtu huyu akinyang'anywa kila kitu, kumbe alikuwa akivitoa mwenyewe. Hakukuwa na ushindi wowote mle ndani. Yudita alitaka kumpiga. Alitaka kuchukua sweta lile na kumtikisa mpaka mifupa igongane.

"Usinipe!" alipiga kelele. "Nani kakuambia unipe? Nilitaka kuchukua! Wewe unakaa hapa unajiadhibu, unajiona mtakatifu, na kule kituoni wanamwambia mtoto acheke! Njoo kwenye Bodi useme kufuli ni kosa."

Haule akatikisa kichwa polepole. "Nikisema hivyo, basi niliwaua."

"Uliwaua."

"Siwezi kulitamka."

"Maumivu unayaweza, neno moja huliwezi?"

Haule aligeukia majivu ya moto. Yudita alipoteremka mlima, vidole vyake vilikuwa vimeanza kuganda kwenye usukani. Alitazama bangili. Ilikuwa ya kijivu. Akamwazia Haule na vifungo vyake, na hakuhisi kitu.

*

Siku ya kikao Yudita aliingia ukumbini akiburuta mguu. Hakuweza kuchana nywele, akafunga kilemba, na kilemba chenyewe alifungwa na mama yake. Bi Anzelma alimwona, akaiona na taa ya kijivu, akamvuta pembeni.

"Tuahirishe, dada yangu. Hawawezi kukuona hivi."

"Ndivyo wanavyotakiwa kuniona."

Wajumbe walikuwa mezani, mwenyekiti akiwa mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, Profesa Kokubelwa. Nyuma, wazazi walijaa na watoto wao. Yudita alishika meza kwa viganja ili asianguke.

"Mimi ni daktari wa ng'ombe," alisema. "Ng'ombe akiugua, nampa dawa. Nampima damu, nampima joto, nikiona imezidi napunguza. Simuulizi kama ana furaha. Hata yule aliyefiwa na ndama, anayelia zizini mchana kutwa, naye nampa. Sasa niambieni mdogo wangu alikosa nini ambacho ng'ombe anacho."

Akawaeleza habari za Sikujua. Kisha akawaambia alichokuwa akikiwaza kila asubuhi, bila kuacha kitu: kioo, kola, shati, machozi. Aliwaambia na somo alilompa Haule. Watu wakaguna. Bi Anzelma akafunika uso kwa mikono.

"Hilo haliwezekani, Dakta," Profesa Kokubelwa alisema. "Chuki ni hasira. Hasira hufunga."

"Chuki isiyotarajia kitu hufunga. Mimi nilitarajia."

"Unaweza kuthibitisha?"

Yudita hakuwa na uhakika. Tangu siku ile mlimani moyo wake ulikuwa jivu. Akageuka kuutazama ukumbi, na hapo akamwona, kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango, mzee mwembamba ndani ya sweta. Amekuja. Amekuja akakaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu anayetaka kutoka kabla ya mwisho.

Yudita akamtazama machoni. Hakuwaza vifungo. Aliwaza mzee yule akisimama mbele ya watu hawa wote, mbele ya yule mtoto, na kulitamka lile neno kwa mdomo wake, bila kupewa kiti, bila kupewa maji, wala mtu wa kumpa pole. Akalitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Akainua mkono wake uliopinda. Taa ilikuwa kijani. Ukumbi mzima uliiona.

"Haya ndiyo matumaini mnayotaka kuwafundisha watoto," alisema.

Kisha kiti kikasogea kule nyuma. Haule alisimama kwa kujisukuma na viwiko.

"Kile kidude hakijui tofauti," alisema, na sauti yake haikufika mbali, ikabidi watu waegeme kumsikiliza. "Nilifikiri kinajua. Nilijivunia mno. Waliokufa kwanza walikufa kwa sababu hatukuwapima damu, tulikuwa wavivu. Ningeweka wapimaji, nikaweka kufuli. Fungueni. Madaktari wapime, kama anavyofanya huyu kwa ng'ombe." Akaegemea kiti cha mbele kwa kiwiko. Yudita hakumwondolea macho. "Na wale waliofungiwa," Haule alisema, "niliwaua mimi. Sikujua Mlowe nilimuua mimi."

Mabishano yaliendelea mpaka jioni. Mwishowe Profesa Kokubelwa aliagiza makufuli yote yafunguliwe, ya wakubwa na wadogo, na kila kituo kiweke zamu ya kupima damu. Haule akatoa mbele yao ufunguo wake, ule uliofungua makufuli yote. Taa za bangili ukumbini zilibaki na rangi zake, kijani na kijivu, na dawa ikaanza kutiririka kwa wote.

Nje, Yudita alimkuta mzee amesimama kando ya gari lake, akihangaika na kitasa cha mlango.

"Naomba unisaidie, mwanangu," Haule alisema.

"Mimi si mwanao."

"Unaweza kunisamehe?"

"Hapana."

Haule aliinamisha kichwa, akarudi kwenye kitasa. Yudita alisimama pale, mikono mfukoni, akamtazama akijaribu, akikosa, akijaribu tena, mpaka mlango ulipofunguka na gari likaondoka. Ndipo naye akaenda.

Mama yake alikuwa jikoni, akisonga ugali kwenye jiko la umeme. Yudita alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akazima jiko, akaupangusa mwiko kwa uangalifu na kuulaza mezani.

"Kwa hiyo sasa ruhusa?" aliuliza.

"Ruhusa, mama."

Mama aliketi sakafuni, akanyoosha miguu, akavua kilemba. Alianza kwa sauti ya chini, akiita jina la Sikujua, kisha akapandisha. Yudita alijitupa kando yake, na kilichokuwa kimefungwa tangu siku ile ya kaburini kikatoka chote, kikitikisa mabega na mbavu. Walilia kama watu waliopata taarifa sasa hivi.

Majirani walitoka mbio. Mlango ukajaa watu wenye nguo za kazini na za jikoni, wakiulizana. Bibi mmoja wa nyumba ya pili, Mama Tulalumba, akapenya akaingia ndani, akipiga kifua.

"Jamani, nani? Nani amefariki?"

"Sikujua," mama alisema.

Majirani walitazamana. Wote walikuwepo kwenye mazishi yale, miaka ile. Mama Tulalumba alimtazama mama yake Yudita, akamtazama Yudita, kisha akavua viatu vyake akaviweka mlangoni, akaketi sakafuni nao, akaanza kulia.